Nairobi hadi Minneapolis: tiketi inaonyesha masaa 12, binti yangu anasema ni 21. Nani yuko sawa?

Baba Ayuma (Luanda, Vihiga)

Hamjambo nyote. Mimi ni mzee wa hapa Luanda, nilikuwa dereva wa malori, sasa nimestaafu. Barabara ya Mombasa mpaka Malaba naijua kona kwa kona, lakini ndege mimi huziona zikipita juu tu. Kuna jambo limeleta maneno nyumbani, nikaona nililete kwa wenye kujua.

Mke wangu anasafiri Januari kwenda Minneapolis, Marekani. Binti yetu Ayuma anajifungua, mtoto wake wa kwanza, na mama ameitwa akamsaidie kulea. Tiketi ilitumwa kwa simu, nikapeleka saiba ikachapishwa. Inasoma hivi:

Nairobi, kuondoka Jumanne 23:59. Amsterdam, kufika Jumatano 06:30.
Amsterdam, kuondoka Jumatano 10:00. Minneapolis, kufika Jumatano 12:10.

Nikashika kalamu. Kutoka 23:59 hadi 12:10 ni masaa kumi na mbili na dakika kumi na moja. Nikamwambia mama, hiyo si kitu, basi la kutoka hapa mpaka Mombasa hukaa njiani zaidi ya hapo. Akafurahi. Jioni Ayuma akapiga simu, akasema safari ni masaa ishirini na moja, tena hajahesabu ya kutoka Kisumu. Tangu hapo mama ananitazama kwa jicho la pembeni, anadhani nilitaka tu aende.

Lakini mimi mwenyewe kuna kitu hakinikai. Hiyo safari ya pili: 10:00 mpaka 12:10. Masaa mawili na dakika kumi kuvuka bahari ya Atlantiki? Lori tupu haliwezi kufika Kericho kwa muda huo, sembuse Marekani.

Kwa hivyo nauliza. Kilomita ni ngapi kwa kweli? Masaa ni mangapi? Kwa nini apitishwe Uholanzi, na kwa ramani iliyo ukutani kwangu Uholanzi iko juu kabisa kaskazini na Marekani iko kushoto? Mtu akienda Kakamega kutoka hapa hapitii Bondo. Na la mwisho, mimi nianze kungoja simu ya kwamba amefika saa ngapi? Mama ana presha na mimi nikikosa habari huwa silali.

Mtoto wa Kondele

Mzee, hesabu yako ya kutoa iko sawa. Shida ni kwamba hiyo tiketi imeandikwa kwa saa za nchi tatu na wewe umezisoma zote kwa saa ya Luanda. Wenye kujua zaidi wanakuja.

Mwalimu wa Ramani (Kakamega)

Habari za Luanda, Baba Ayuma. Hongera kwa mjukuu anayekuja. Nitaanza na masaa kwa sababu ndiyo yameleta maneno nyumbani.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule ule ilipotajwa. 23:59 ni ya Nairobi. 06:30 na 10:00 ni za Amsterdam. 12:10 ni ya Minneapolis. Mwezi wa Januari Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili, na Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa tisa. Sasa zirudishe zote kwenye saa iliyo ukutani kwako:

Anaondoka Nairobi saa sita kasoro dakika moja usiku, Jumanne.
Anafika Amsterdam saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano.
Anaondoka Amsterdam saa sita mchana.
Anafika Minneapolis saa tatu na dakika kumi usiku, bado Jumatano.

Hesabu tena. Ndege ya kwanza ni saa 8 na dakika 31. Kusubiri Amsterdam ni saa 3 na nusu. Ndege ya pili ni saa 9 na dakika 10. Jumla ni saa 21 na dakika 11. Ukiondoa saa tisa za tofauti unapata 12 na dakika 11, ile ile ya kalamu yako. Ayuma amehesabu mwili wa mama yake utakaa njiani muda gani, wewe ulihesabu akrabu za saa.

Mbona tisa? Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, ndiyo kusema nyuzi 15 kila saa. Luanda iko karibu nyuzi 34 na nusu mashariki ya Greenwich, Minneapolis iko kama nyuzi 93 magharibi yake. Jumlisha upate karibu 128. Gawanya kwa 15: saa nane na nusu. Jua likiwa utosini pale Maseno kwenye bango la ikweta, Minneapolis itangoja saa nane na nusu kabla liwafikie wao. Lakini saa za serikali hazifuati jua kwa nusu nusu hivyo. Wakati wa baridi tofauti ni tisa. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa nane mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi chochote, hapa kwenye ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima na hakuna cha kupata kwa kusogeza.

Umbali: Nairobi hadi Minneapolis kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 13,140. Kupitia Amsterdam ni kama 6,670 za kwanza na 6,690 za pili, jumla karibu 13,360. Tofauti ni kilomita 220 tu. Hiyo ni kama kutoka Luanda mpaka Nakuru, kwa safari ya kilomita elfu kumi na tatu.

Ramani ya ukutani ndiyo inakudanganya, Mzee, si tiketi. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hivyo sehemu za kaskazini zimevutwa zikapanuka. Nenda shule yoyote iliyo karibu uwaombe tufe. Shika uzi, weka ncha moja Kenya na nyingine Minneapolis, ukaze. Utaona uzi haufuati ikweta kuelekea kushoto. Unapanda kaskazini-magharibi, unakata Sahara, unapita juu ya Algeria na Hispania, ndipo unaingia Atlantiki. Amsterdam iko pembeni ya uzi huo, lakini kona yake ni pana na laini, haikupotezei mengi. Na kutoka Amsterdam kwenda Minneapolis uzi unapanda tena mpaka karibu na ncha ya kusini ya Greenland, halafu unashuka Kanada. Mama akipata kiti cha dirishani na mawingu yasiwepo, ataona barafu ambayo mimi nimeifundisha darasani bila kuigusa.

Jambo lingine, hili ni la kuchekesha tu. Kutoka Kisumu moja kwa moja hadi Minneapolis ni kama kilomita 12,890. Kisumu iko karibu na Marekani kuliko Nairobi. Kwa hivyo mama ataanza safari kwa kurudi nyuma kilomita 280.

Baba Ayuma (Luanda, Vihiga)

Mwalimu, ubarikiwe. Nimemsomea mama polepole, sasa tumeelewana. Nilienda shule ya jirani, tufe lao limepasuka kule upande wa Amerika Kusini lakini tulipohitaji palikuwa pazima. Uzi umefanya vile ulivyosema.

Sasa nina swali la kidereva. Nimesikia ndege kubwa huenda kilomita 900 kwa saa. Kilomita 13,360 ukigawanya kwa 900 hazifiki masaa 15. Lakini ukijumlisha masaa ya angani ya tiketi, 8 na dakika 31, na 9 na dakika 10, unapata 17 na dakika 41. Karibu masaa matatu yameenda wapi?

Nauliza kwa sababu najua vile barabara huwa. Mombasa hadi Malaba ni kama kilomita 930. Lori halikubaliwi kupita 80 kwa saa, kwa hivyo mwenye mali akiwa ofisini na karatasi yake anaona masaa kumi na mbili. Hakuna dereva aliyewahi kufika Malaba kwa masaa kumi na mbili. Mizani iko Mariakani, iko Mlolongo, iko Gilgil, iko Webuye. Foleni ya kutoka bandarini. Mlima ukipanda na mzigo wa chuma unatembea mwendo wa mtu mwenye haraka. Salgaa unalala, kwa sababu asiyelala Salgaa atalazwa mahali pengine. Mimi mwenye mali alikuwa akinipigia simu kuuliza nimefika wapi, na kila mara jibu lilimuudhi.

Je, huko angani pia kuna mizani?

(Nimepiga hesabu nyingine kwa raha zangu. Lori likienda 80 bila kusimama, bila mizani, bila bahari, Minneapolis ni masaa 167. Siku saba mchana na usiku.)

Mtoto wa Kondele

Na mimi niulize swali ambalo huwa naogopa kuuliza. Kama dunia inazunguka kwenda mashariki, kwa nini ndege isipande tu juu ya Kisumu ikae hapo hapo, ingoje Marekani ijilete chini yake? Saa nane na nusu umefika, na mafuta kidogo.

Fundi wa Embakasi (kwetu Butere)

Baba Ayuma, mizani iko, tena mingi. Mimi hufanya kazi ya matengenezo ya ndege kwa hivyo nitasema ninayoyaona.

Kwanza, muda wa tiketi hauanzi ndege inapoacha ardhi. Unaanza inaposukumwa kutoka mlangoni mwa jengo na kuisha inaposimama mlango wa kule. Katikati kuna kutembea chini, kungoja foleni ya kuruka, kupanda taratibu hadi urefu wa kilomita 10 au zaidi, na kushuka taratibu hivyo hivyo. Kilomita 900 ni za pale juu tu ikishatulia. Na Schiphol, uwanja wa Amsterdam, una njia moja ya kutua inayoitwa Polderbaan iliyo mbali sana na jengo. Ndege ikitua hapo mama atadhani wanampeleka Minneapolis kwa barabara. Inavuka hata juu ya barabara kuu ya magari.

Pili, upepo. Huu ndio mizani mkubwa. Hizo 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na Januari ndio huwa na nguvu zaidi. Chukua mfano: upepo ukikupinga kwa kilomita 150 kwa saa, ardhini unasogea 750 tu ingawa injini zinafanya kazi ile ile. Ndiyo sababu kwenda Marekani ni kurefu na kurudi ni kufupi. Huo mguu wa Amsterdam na Minneapolis, kurudi hupungua kama saa nzima. Wapanga njia huangalia upepo kila siku na wakati mwingine ndege huzunguka mbali ili kuukwepa, kwa sababu njia ndefu isiyo na upepo huwahi kuliko fupi yenye upepo.

Tatu, anga zilizofungwa. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na Libya pia mashirika mengi huikwepa. Ukitazama tufe lako utaona nchi hizo ziko katikati ya njia ya Nairobi na Ulaya. Kuzunguka huko ni kilomita ambazo uzi wa Mwalimu hauzioni.

Halafu mashirika yenyewe huongeza dakika kidogo kwenye ratiba ili ndege isionekane imechelewa. Hilo usimwambie mwenye mali.

Baba Ayuma (Luanda, Vihiga)

Fundi, hayo ya mwisho hata sisi tulikuwa tukifanya.

Mtoto wa Kondele, swali lako acha nilijibu mimi kabla ya Mwalimu. Nikiwa Mombasa milango wazi, inzi waliingia kwenye kichwa cha lori. Nikafunga vioo. Inzi hao wakaruka humo ndani mpaka Mlolongo, na hakuna hata mmoja aliyeachwa nyuma akabandikwa ukutani kwa sababu lori liliondoka. Hewa ya ndani ilikuwa ikisafiri pamoja nao. Dunia nayo imebeba hewa yake. Ndege ikipanda juu ya Kisumu ikae, itakaa juu ya Kisumu mpaka mafuta yaishe.

Mwalimu wa Ramani (Kakamega)

Nimekaa chini, Mzee amefundisha. Niongeze tarakimu moja tu: mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, na unazunguka mara moja kwa siku. Kwa hivyo sisi tuliokaa hapa kati ya Maseno na Kakamega tunasafiri karibu kilomita 1,670 kwa saa, haraka kuliko ndege ya mama, na chai haimwagiki.

Muuguzi Minnesota (kwetu Mumias)

Baba, pole na kazi. Mimi niko Brooklyn Park, mlangoni tu mwa Minneapolis, na njia hiyo ya Amsterdam ndiyo wengi wetu huku tunawapitishia wazazi. Masaa mmeshayamaliza, mimi niseme ya mama.

Mwambie Ayuma aombe huduma ya kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege, hata kama mama anatembea vizuri. Ni bure. Schiphol ni kubwa, mabango ni mengi, na kutoka mlango wa ndege moja hadi wa nyingine mtu anaweza kutembea nusu saa. Akiwa na huduma hiyo kuna mtu anamngoja kwenye mlango wa ndege, anampitisha kwenye ukaguzi na kumfikisha mahali pa kukaa. Mama asione haya. Mama yangu alikataa mara ya kwanza akisema yeye si mgonjwa, mara ya pili aliitafuta mwenyewe.

Visa ya Uholanzi haihitaji maadamu ana visa halali ya Marekani na hatoki nje ya eneo la wasafiri wa kimataifa.

Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na ziwe kwenye pakiti zake za asili. Kabla hajaondoka muulizeni daktari wake azinywe kwa saa gani, kwa sababu Jumatano yake itakuwa na masaa thelathini na tatu. Kwa siku ya safari rahisi ni kufuata saa ya Kenya, aivae mkononi bila kuibadilisha, lakini daktari ndiye aamue. Na asikae tu. Kila akiamka anyooshe miguu, atembee mpaka chooni na kurudi, anywe maji. Miguu ya mama zetu huvimba kwa kukaa.

Mtu akifika hapa mwezi wa Januari kinachomshangaza si baridi peke yake. Jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi na moja na robo jioni limeshatua. Usiku nyuzi 20 chini ya sifuri si habari. Ayuma amletee koti na viatu ndani ya uwanja, asimngoje garini.

Simu: Schiphol kuna intaneti ya bure. Mtu wa kile kiti anaweza kumsaidia kuiwasha, kwa hivyo tarajia ujumbe wa WhatsApp kati ya saa tatu na saa nne asubuhi yako. Usiposikia, usimpigie kila mtu, pengine simu imezima. Minneapolis anatua saa tatu na dakika kumi usiku wako. Atapanga foleni ya uhamiaji, atangoja mizigo, kisha forodha. Chakula chochote alichobeba akitaje kwenye forodha. Nyama, matunda na mbegu aviache Luanda. Omena wakavu hawana neno ila wafungwe vizuri, harufu ya omena husafiri mbele ya mwenyewe. Kwa hivyo simu ya kwamba yuko na Ayuma ihesabu kati ya saa nne na saa tano usiku.

Tiketi Nakuru

Mimi huuza tiketi hapa Nakuru. Nitasema mawili matatu ambayo wengi hujua wakiwa wameshachelewa.

Kuna njia nyingine na bei huwa tofauti. Kenya Airways huenda New York moja kwa moja, ilianza Oktoba 2018, karibu kilomita 11,830, kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kutoka New York bado ni kilomita 1,650 hadi Minneapolis, kama saa tatu hivi. Kwa kilomita ni karibu sawa na ya Amsterdam. Lakini New York ndipo mtu anapoingia Marekani, kwa hivyo mama angepitia uhamiaji pale, achukue mizigo yake, aikabidhi upya, abadilishe ndege, peke yake, amechoka. Kupitia Doha na Chicago ni zaidi ya kilomita 15,300, tena ndege tatu. Njia ya Ghuba huwa nafuu nyakati nyingine, lakini kwa mama anayesafiri mara ya kwanza mimi ningelipa zaidi apite Amsterdam, ashuke Minneapolis akakutane na binti yake. Ayuma amechagua vizuri.

Sasa Kisumu. Ndege ni kama dakika 50, hilo halina shida. Angalia kama iko kwenye tiketi hiyo hiyo moja au imenunuliwa peke yake. Ikiwa tiketi ni moja, ndege ya Kisumu ikichelewa shirika ndilo lenye jukumu la kumtafutia mama nyingine. Ikiwa ni mbili, hasara ni yenu. Na uzito wa mizigo wa ndege za ndani huwa mdogo kuliko wa kimataifa, masanduku mawili yanayokubaliwa kwenda Marekani yanaweza kulipiwa faini Kisumu. Angalia pia inatua wapi. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, siyo Jomo Kenyatta, na kutoka Wilson jioni na masanduku utakutana na msongamano. Asichukue ndege ya mwisho ya siku. Mvua za ziwa hupenda kuja jioni, na ndege ikiahirishwa hapo hakuna nyingine.

Hili la mwisho si la tiketi yenu lakini wanaosoma walichukue. Ninyi mmepewa 23:59 Jumanne, hiyo haina utata. Ikibadilishwa ikawa 00:20, tarehe itaruka kuwa Jumatano, na hapo ndipo watu hupotea. 00:20 Jumatano ni usiku ule ule wa kuamkia Jumatano, yaani mtu awe uwanjani Jumanne saa tatu usiku. Nimeshaona familia nzima ikifika Embakasi Jumatano jioni, imevaa vizuri, na wapishi wameshalipwa kwa sherehe ya kuaga.

Baba Ayuma (Luanda, Vihiga)

Nimeandika yote kwenye daftari. Ndege ya Kisumu ni tiketi moja na hiyo nyingine, nimempigia Ayuma akathibitisha, inaondoka saa tisa alasiri na kutua Jomo Kenyatta. Tutatoka hapa Luanda saa tano asubuhi kwa gari la shemeji. Kutoka mlango wetu mpaka mlango wa Ayuma nimepata karibu masaa thelathini na sita, na mama amesema sawa, mradi nimemwambia ukweli mapema. Kiti cha magurudumu amekikataa. Tutaendelea kuzungumza.

Sasa nimechukua ile karatasi ya kurudi, mwezi wa Aprili, nikaijaribu mwenyewe kabla ya kuuliza. Inasema Minneapolis kuondoka 15:30, Amsterdam kufika kesho yake 06:30, kuondoka 12:30, Nairobi kufika 21:35. Kwa kalamu ni masaa thelathini na dakika tano. Lakini Aprili wao watakuwa wameshasogeza saa, kwa hivyo natoa nane, sitoi tisa. Inabaki ishirini na mbili na dakika tano, na kati ya hizo masaa sita ni ya kungoja Amsterdam. Mguu wa bahari unakuja masaa manane kamili, dhidi ya tisa na dakika kumi za kwenda. Fundi, huo ndio upepo wako?

Fundi wa Embakasi (kwetu Butere)

Ndio wenyewe, Mzee. Hesabu imekaa.

Tiketi Nakuru

Saa tatu na nusu usiku hatapata ndege ya Kisumu. Alale kwa jamaa Nairobi, apande ya asubuhi. Basi la usiku baada ya safari hiyo, kwa mtu wa presha, hapana.

Baba Ayuma (Luanda, Vihiga)

Kuna mdogo wangu Umoja. Atalala huko.